Kombe la kijani la Lavington: nitajuaje kama ni seladoni ya kale kutoka China?

Mkusanyaji wa Ngara

Salaam kwenu nyote. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha ambazo nimekuwa nikiziweka kando kidogo kidogo kwa karibu miaka miwili.

Mimi hukusanya vyombo vya kauri vya zamani. Mpaka sasa vingi nilivyo navyo ni sahani na vikombe vya samawati na nyeupe, ambavyo nilivipata katika soko la Toi au katika nyumba za watu wanaouza vitu vyao kwa sababu ya kuhama. Hakuna hata kimoja kilichonigharimu zaidi ya shilingi 9,000, kwa hiyo nikikosea hasara yake hubebeka. Safari hii mambo ni tofauti. Wiki mbili zilizopita nilikaribishwa na familia moja ya Lavington inayouza vitu vya marehemu baba yao, na juu ya kabati la vitabu nilikuta kombe kubwa (sahani pana ya kauri) la kijani, kijani cha ndengu zilizolowekwa usiku kucha. Kipenyo chake ni sentimita 34, na mkononi ni zito kuliko linavyoonekana kwa macho. Katikati pana ua lililochongwa kwenye udongo chini ya rangi, ambalo halionekani mpaka uliinamishe kombe kuelekea dirishani. Liliwahi kuvunjika, na mtu fulani aliliunga kwa pini tatu za chuma upande wa nyuma, zilizoingizwa kwa ustadi kiasi kwamba hazitokezi mbele hata kidogo.

Binti wa marehemu aliniambia kwamba baba yake alilinunua Mombasa katika miaka ya 1960, na kwamba siku zote alikuwa akiliita kombe la Ming, yaani la enzi ile ya wafalme wa China. Wanaomba shilingi 180,000. Nimeweka picha nne hapa chini.

Kuna jambo la pili pia. Dalali mmoja aliposikia kwamba natafuta seladoni alinitumia picha za mfuko wa vigae vya kijani, akasema vimetoka kwenye magofu upande wa Lamu, na kwamba ana bakuli zima ambalo atanionyesha nikishanunua vigae. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kombe, na anaapa kwamba vyote vililetwa na meli za Zheng He, yule amiri wa China wa karne ya 15. Je, nikiwa mtu ninayeanza, nianze na vigae nijifunze, au nilipie kombe? Na kombe lenyewe nilikague vipi?

Fundi wa Kitako

Ndugu Mkusanyaji, umefanya vyema kutolipa siku ile ile. Nimetengeneza vyombo vya kauri vilivyovunjika kwa miaka 19 hapa Nairobi, na picha ulizoweka hazinitoshi, kwa sababu zote nne ni za uso wa kombe. Uso ndio anaoufanyia kazi mwigaji. Ligeuze, ulilaze kifudifudi juu ya taulo lililokunjwa, kisha ukae na kitako chake nusu saa nzima.

Nitaeleza kwa nini. Seladoni si jina la udongo wala la mji. Ni aina ya utando wa kioo wenye oksidi ya chuma kiasi cha asilimia 1 hadi 3, unaopakwa juu ya udongo kabla ya chombo kuchomwa. Chuma hicho hicho kikichomwa katika tanuri lenye hewa ya kutosha hutoa umanjano au hudhurungi. Fundi wa Longquan, katika mkoa wa Zhejiang, alikuwa akilibana tanuri hewa moto unapofika karibu nyuzi 1,200 za selsiasi, na moto uliokosa oksijeni hukinyang'anya chuma hicho oksijeni yake, ndipo utando unapogeuka kijani. Udongo wa chini nao una chuma chake. Tanuri likianza kupoa na hewa kuingia tena, sehemu ambazo hazikufunikwa na utando huipokea oksijeni upya na kuwa nyekundu kama tofali. Kwa hiyo wekundu wa kitako cha Longquan umezaliwa ndani ya udongo. Utauona umekolea pale utando unapoishia, mstari mwembamba kama wa wanja, kisha ukififia kuelekea kwenye kijivu.

Mwigaji hupaka. Najua kwa sababu niliwahi kulipa gharama ya somo hilo. Mwaka 2011 nilinunua bakuli kwa shilingi 60,000 katika duka moja la katikati ya jiji, nikiwa tayari najiona mjuzi. Kijani chake kilikuwa kizuri, kitako kilikuwa na wekundu, na ndani ya mikunjo kulikuwa na udongo mkavu kana kwamba lilichimbuliwa jana. Nyumbani nilililoweka katika maji ya uvuguvugu ili kuuondoa udongo ule, na baada ya robo saa maji yakawa rangi ya chai. Wekundu wote ulitoka. Chini yake palikuwa na udongo mweupe, safi, usio na historia yoyote. Bakuli hilo bado liko juu ya meza yangu ya kazi, na kila chombo cha kijani kinachoingia humu hukiweka kando yake kwanza, kwa sababu jicho hujifunza haraka zaidi likipewa vitu viwili kuliko likipewa kimoja.

Sasa, kombe lako. Makombe makubwa ya Longquan ya mwishoni mwa Yuan, enzi iliyotangulia Ming, na ya Ming yenyewe mara nyingi yana alama moja ambayo ningependa uitafute kabla ya kitu kingine chochote: chini, ndani ya duara la kitako, pana pete pana ambayo utando wake ulifutwa kabla ya kuchomwa, kwa sababu kombe lilikalishwa juu ya kigoda cha udongo ndani ya tanuri na utando ungeyeyuka likagandana nacho. Pete hiyo huwa nyekundu au rangi ya chungwa, na upana wake haulingani pande zote, maana ilifutwa kwa mkono. Vyombo vidogo vya Song ya Kusini, enzi ya kabla ya Yuan, ni habari nyingine kabisa. Hivyo kwa kawaida vimefunikwa utando mpaka chini, na ni ukingo wa kitako tu ulioachwa wazi. Utando wake ni mnene, ulipakwa mara kadhaa, na umejaa viputo vidogo mno vinavyoutawanya mwanga ndani kwa ndani, ndiyo maana ukivitazama unadhani unatazama jiwe la jade. Mtu akikuonyesha kombe la sentimita 34 na kudai ni Song, muulize kwa upole amejuaje.

Nunua lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, zinauzwa mjini kwa bei ya chakula cha mchana. Tazama mikwaruzo katikati ya kombe, mahali ambapo mikono na miiko ya vizazi imepita: iwe ya urefu mbalimbali, iende kila upande, mingine mipya na mingine iliyozibwa na uchafu wa miaka. Mikwaruzo iliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa ni ya msasa. Utando uliofifia sawasawa pote, usio na mng'ao hata kwenye mabonde ya michoro ambako hakuna kitu kingeweza kuusugua, huenda ulioshwa kwa asidi. Kisha mwombe mwenye duka yeyote taa ile ya zambarau ya kukagulia noti bandia, uingie nayo chumba chenye giza. Gundi na rangi nyingi za kisasa zilizotumiwa kuficha ufa hung'aa tofauti na utando wa asili.

Kuhusu pini, zisikutie hofu. Kabla ya kuwako gundi imara, kauri iliungwa hivyo China, India, Uajemi na hata Ulaya: mashimo hutobolewa nusu ya unene tu, na pini ya chuma iliyokunjwa ncha huingizwa na kuvuta pande mbili pamoja. Kuna bakuli moja la Longquan katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo ambalo pini zake zimelipatia jina. Inasimuliwa kwamba shoguni (mtawala wa kijeshi wa Japani) Ashikaga Yoshimasa alilipeleka China likiwa limepasuka, akiomba apewe jingine linalofanana nalo. Likarudishwa lile lile likiwa na pini, kwa maelezo kwamba bakuli kama hilo haliwezekani tena kutengenezwa. Wajapani waliziona pini zile zimefanana na nzige, na jina likabaki. Hata hivyo pini ni ushahidi kwamba mtu fulani alilipenda kombe hili kiasi cha kulipia fundi, si ushahidi wa umri wake. Siku hizi zipo pini zinazowekwa ili kumdanganya mtu kama wewe.

Jambo la mwisho kwa leo: kijani si lazima kiwe China. Matanuri ya Si Satchanalai huko Thailand yalitoa seladoni nyingi katika karne ya 15, wakati dola la Ming lilipokuwa limebana biashara binafsi ya baharini, na vigae vyake vimepatikana pia katika pwani yetu, ingawa kwa uchache. Utando wake una kioo zaidi, umejaa nyufa ndogo ndogo, na chini mara nyingi pana duara jeusi lililoachwa na kigoda cha tanuri. Ukikuta duara jeusi badala ya pete nyekundu, usikate tamaa, lakini usilipe bei ya Longquan.

Binti wa Pate

Assalaam alaykum na salaam kwenu nyote. Fundi amesema yote ninayoyakubali kuhusu kombe. Mimi nataka kusema juu ya ule mfuko wa vigae, na nitasema bila kuzunguka: usivinunue, na hilo bakuli zima usilitazame.

Nimeishi Nairobi miaka mingi, lakini nimezaliwa Pate, na nyumba ya bibi yangu ilikuwa na zidaka ukuta mzima wa ndani, safu juu ya safu, zilizochongwa kwenye chokaa mahsusi kwa kuwekea vyombo vya kauri. Nilipokuwa mtoto vilikuwa vimebaki vitatu tu. Kimoja kilikuwa kombe jeupe ambalo halikuliwa chakula: lilishushwa mtu akiugua, mwalimu akaliandikia aya kwa zafarani na marashi, maandishi yakaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Sisi tuliita kombe chombo chenyewe, na tuliita kombe dawa yenyewe. Baadaye sana nilisoma kwamba watu wa nchi za Kiislamu waliithamini seladoni kwa kuamini kwamba sahani yake hubadilika rangi au hupasuka ikitiwa chakula chenye sumu, na kwamba masultani wa Uthmaniya walikusanya katika jumba la Topkapi, Istanbul, zaidi ya vipande 1,300 vya seladoni. Imani hiyo sikuisikia kwetu, lakini sikuiona ngeni. Na ukubwa wa makombe yale pia haukunishangaza: Mchina alikula katika bakuli lake dogo, bali kuanzia Uajemi hadi Pate watu waliketi wakazunguka sinia moja, na mafundi wa Longquan walijua wanamtengenezea nani.

Sasa vigae. Ukienda kwenye magofu ya Gedi, karibu na Watamu, utaambiwa majina ya nyumba zilizochimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mojawapo huitwa Nyumba ya Bakuli la Kauri. Wachimbaji walizitambua nyakati za kuta na sakafu zile kwa kiasi kikubwa kwa msaada wa vigae vya kichina. Kigae cha seladoni kilichokutwa chini ya sakafu kinakueleza kwamba sakafu haikujengwa kabla ya kigae hicho kutengenezwa. Gedi, Shanga, Manda, Mtwapa, Kilwa, zote zimesomwa hivyo: seladoni ya Longquan ikitawala tangu karne ya 13 hadi ya 15, kisha samawati na nyeupe za mji wa Jingdezhen, China, zikachukua nafasi. Kigae kile kile kikishatolewa ardhini usiku na kutiwa mfukoni hakielezi chochote tena, ni kipande cha kijani tu. Aliyekichimbua amelichana daftari akauza karatasi moja moja, na daftari lenyewe lilikuwa letu.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale chombo chochote kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na vile ambavyo bado viko ardhini bila kugunduliwa ni mali ya serikali. Anayevikuta anatakiwa kuyajulisha Makumbusho, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hiyo dalali huyo, kwa maneno yake mwenyewe ya 'magofu upande wa Lamu', ameshakuambia kwamba anauza kisicho chake.

Na hizo meli za Zheng He. Safari zake zilifanyika kati ya mwaka 1405 na 1433, na ni kweli kwamba twiga wa Malindi alifika kwa mfalme wa Ming mwaka 1415. Lakini seladoni ilikuwa imeshafika pwani hii karne nyingi kabla ya hapo, ikipita mikono mingi, kutoka bandari za China hadi za Bahari ya Hindi, India, Hormuz na Aden, kisha ikashuka na kaskazi katika majahazi ya watu wa kawaida waliokuja kutafuta pembe za ndovu na boriti. Ninaumia kila nikisikia historia ya wafanyabiashara hao, na ya wazee wetu waliopokea mizigo yao, ikifutwa ili kigae kimoja kiuzwe kwa jina la amiri mmoja.

Mhesabu wa Upper Hill

Nitaongeza kuhusu bei peke yake. Habari zinazotangazwa ni za vyombo vya pekee, kama kile chombo kidogo cha kuoshea brashi cha kauri adimu iitwayo Ru, cha enzi ya Song ya Kaskazini, kilichouzwa Hong Kong mwezi Oktoba 2017 kwa dola za Hong Kong milioni 294.3. Hiyo isiwe kipimo chako. Makombe ya kawaida ya Ming kutoka Longquan hayakuwa adimu hata wakati wake, na minadani leo huuzwa kwa mamia ya dola, au maelfu machache yakiwa mazima na mazuri. Lililovunjika na kupigwa pini hushuka sana. Shilingi 180,000 ni bei ya kombe zima lenye stakabadhi zake. Mimi nisingepita 110,000, na hiyo ni baada ya kitako kukubaliwa na Fundi.

Kuna atakayekushauri upeleke sampuli maabara, ipimwe lini chombo kilichomwa mara ya mwisho kwa kupasha moto chembe zake na kupima mwanga zinaoutoa. Kipimo hicho kipo na kinaheshimika, lakini kwa kauri ngumu hutoboa chombo, gharama yake na ya usafirishaji itakaribia bei ya kombe, na wapo waigaji wanaokichanganya kwa kuvipiga vyombo vyao miale ya eksirei. Afadhali ujizoeze na vyombo ambavyo tarehe yake haina shaka. Jahazi lililozama Sinan, pwani ya Korea, mwaka 1323, lilitolewa baharini na vyombo zaidi ya 20,000, vingi vikiwa seladoni ya Longquan, na picha zake ni rahisi kupatikana. Hakuna anayeweza kubishana na mwaka huo.

Mkusanyaji wa Ngara

Ninawashukuru kwa dhati. Dada Binti wa Pate, dalali nimemjibu kwamba sitanunua na nikamweleza sababu. Alifuta picha alizonitumia, lakini nilikuwa nimeshazihifadhi.

Jana nilirudi Lavington nikiwa na lenzi na taa ya noti niliyoazimwa na jirani yangu mwenye duka la M-Pesa. Familia iliniachia chumba. Nilipoligeuza kombe, pete ipo. Upana wake upande mmoja ni kama kidole gumba, upande wa pili haufiki kidole cha mwisho, na rangi yake ni ile ya udongo wa barabara ya Kiambu baada ya mvua. Kwenye ukingo wake wa ndani utando umeishia kwa tone moja nene, na hapo wekundu umekolea karibu kuwa kahawia. Nilipitisha pamba yenye maji ya uvuguvugu mara nyingi, ikatoka na vumbi la kijivu tu. Chembe kama za mchanga zimeganda ndani ya pete na hazing'oki kwa ukucha.

Mikwaruzo imekwenda kila upande, na iko mingi katikati, michache pembeni. Chini ya taa, sehemu moja ya mdomo wa kombe, ndefu kiasi cha kiungo cha kidole, iling'aa samawati nyeupe huku sehemu nyingine zote zikibaki gizani. Mchana sehemu hiyo haionekani kabisa. Pini zina kutu, na kutu hiyo imeingia katika mashimo.

Binti wa marehemu alipoona nimekaa kwa muda mrefu alikwenda kutafuta katika karatasi za baba yake, akarudi na risiti iliyoandikwa kwa mkono, Mombasa, mwaka 1964: 'kombe moja la kijani, lina pini'. Haisemi lilitoka wapi kabla ya hapo. Niliposoma maneno 'lina pini' nilifurahi kuliko nilipoiona pete, lakini sasa swali la sheria limenikaa kichwani. Ikiwa lilikuwako pwani tangu karne ya 15, je, ninaruhusiwa kulinunua?

Fundi wa Kitako

Tone la utando lililoishia kwenye wekundu, chembe za tanuri zilizoganda, pete isiyo sawa: bila kulishika mkononi siwezi kutia sahihi, lakini kama lingekuwa juu ya meza yangu ningekuwa nimeshaliweka upande wa pili wa lile bakuli la 2011. Kwa maelezo yako ningelitafuta katika Ming ya mwanzo, pengine mwishoni mwa Yuan. Sehemu iliyong'aa ni kijazio cha kisasa, yaani kipande cha mdomo kilipotea na kikatengenezwa upya baada ya pini. Waambie familia, maana bila shaka hawajui, na ni haki yao kujua kabla hamjazungumza bei. Ile risiti idai iandamane na kombe, hata ikibidi uongeze fedha kidogo kwa ajili yake.

Binti wa Pate

Kaka, swali lako ni zuri na linahitaji kujibiwa taratibu. Kombe lililofika Kenya ndani ya sanduku la msafiri mwaka 1950 si kitu cha kale kwa tafsiri ya sheria yetu, hata kama lilitengenezwa mwaka 1400. Kombe lile lile likiwa liliingia Lamu au Mombasa kwa jahazi kabla ya 1895, ni kitu cha kale. Risiti yako haituambii ni lipi kati ya hayo mawili. Lakini hiki si kitu kilichochimbuliwa: udongo wa kaburini au wa gofuni usingeacha mikwaruzo ya miiko katikati, wala fundi wa pini asingeitwa. Limeishi ndani ya nyumba za watu.

Ninavyoshauri ni kwamba usilipe bado. Piga simu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, uombe miadi na watu wa akiolojia, kisha mwende pamoja, wewe na binti wa marehemu, na kombe na risiti. Waeleze unataka kulinunua na kulibakisha hapa hapa nchini, uulize kama kuna kibali kinachohitajika na kama wangependa kulipiga picha na kuliandika. Vyombo vilivyokaa majumbani havijaandikwa kama vile vya magofu, na kila kimoja kinachoandikwa ni kidaka kimoja kilichopata kurudishiwa chombo chake. Zile picha za dalali nazo uzibebe.

Mkusanyaji wa Ngara

Nimepiga simu leo asubuhi, miadi ni Alhamisi saa nne. Binti wa marehemu amekubali kwenda, na amesema iwapo hakuna kizuizi atapokea 120,000 pamoja na risiti. Nilimweleza kuhusu kile kijazio na alinishukuru. Fundi, limebaki swali moja tu. Tutatoka Lavington kwa teksi, na barabara mnaijua. Chombo chenye pini hubebwa vipi?

Fundi wa Kitako

Usilishike kamwe kwa mdomo, hasa upande wa kijazio. Mikono yote miwili iingie chini ya kitako. Usiliviringe kwa taulo lenye vitanzi vya nyuzi kwa sababu vitanzi hunasa kwenye pini zenye kutu, tumia shuka laini la pamba lililooshwa. Tafuta boksi lenye upana unaozidi kombe kwa kiganja kila upande, ujaze chini nguo zilizokunjwa, ulilaze kombe kifudifudi ili pini zisibebe uzito wowote, kisha ujaze pembeni mpaka usikie kwamba halisogei ukiliinua boksi. Juu usiweke kitu. Ndani ya teksi boksi likae mapajani mwako, si kwenye buti. Na mkifika, kabla hujalifungua mbele ya mtu yeyote, hesabu pini kwa kidole: tatu.